Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Bonsai (miti inayofanywa midogo chunguni), Tanga

Ndugu wanachama,

Ya fedha atayasoma mweka hazina. Mimi nina ya miti.

Kubwa la mwaka huu: kamati imeamua tuache kulea yuu, mti wa nchi za baridi, hapa pwani. Miche ilikufa, na si kwa uzembe wa mtu. Yuu, kitaalamu Taxus, hutaka majuma kadhaa ya baridi kali ili ulale, ndipo uchipue sawasawa. Tanga hata katikati ya kipupwe usiku hubaki karibu nyuzi 20. Mti usiolala hula akiba yake: mwanzoni unapendeza, baadaye machipukizi yanafupika, mwisho unakauka. Kurundika barafu juu ya chungu hakusaidii, maana mizizi inaganda huku matawi yako kwenye joto. Aliyebakiwa na mche hai auweke mbali na mbuzi. Majani yake, mabichi kwa makavu, yana sumu inayosimamisha moyo. Matawi unayokata yafukie, usiyatupe jalalani.

Badala yake tushike podo, mti wa milima yetu ya Usambara. Jani lake ni jembamba kama la yuu, na ukiikata hukubali kuchipua hata kwenye tawi la zamani, jambo ambalo misonobari mingi haiwezi. Nunueni miche kwenye vitalu vya Lushoto. Kuchimba ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na mti wa msituni uliong'olewa na mzizi mkuu mtupu haufiki Korogwe ukiwa hai.

Wanaootesha kwa vipandikizi wakate ncha za sentimita 10 hadi 15, ngozi ikiwa imeanza kukomaa, wafunike kwa nailoni kivulini na kusubiri miezi 2 hadi 4. Angalieni mnapokata. Kipandikizi cha ncha iliyosimama hukua wima. Cha tawi la pembeni huendelea kutambaa upande miaka mingi, hata ukikifunga mti wa kukishikiza. Kwa anayetaka bonsai ya kuning'inia, hicho cha pembeni ndicho hasa.

Udongo nao ulituponza. Mchanga wa baharini una chumvi na chokaa ya matumbawe. Yuu ingeivumilia chokaa, kwani Uingereza huota yenyewe kwenye vilima vya chaki, lakini podo hugeuka njano, mishipa ya jani ikibaki kijani, kwa kukosa madini ya chuma. Changanyeni sehemu 3 za tofali la kuchoma lililopondwa, sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni na sehemu 1 ya makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa mara tatu. Chekecheni mbaki na punje za milimita 3 hadi 6. Vumbi likiachwa huziba tundu na mizizi huoza. Ukiona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu na ncha za majani zimeungua, maji ya kisima chako yana chumvi: kinga maji ya mvua, mwagia mpaka yatoke chini kwa wingi.

Kubadili chungu ni masika yanapoanza, usikate zaidi ya theluthi ya mizizi, kisha wiki 3 au 4 za kivuli. Majani msiyapitishie mkasi katikati, yatakauka ncha, kata kikonyo.

Waya wa kukunjia tawi uwe unene wa theluthi ya tawi hilo, uzungushwe kwa nyuzi 45. Kwa joto letu tawi hunenepa upesi, kwa hiyo ukague kila wiki mbili, na ukianza kubana uukate vipande, usiufungue kwa kuuzungusha.

Wapenzi wa matawi makavu yaliyochongwa watanisamehe. Ubao wa ndani ya shina la yuu hudumu. Wa podo ni laini, na hapa pwani huoza au huliwa na mchwa. Kidonda kisawazisheni kwa kisu kikali, mkizibe.

Waya za shaba zilizoazimwa zirudishwe kwa mtunza vifaa kabla ya masika. Tutazihitaji.

Mwenyekiti