Mtumiaji ashirikishwe kwenye kiungio, si kwenye rangi

Mhariri,

Watengenezaji wengi wa vifaa vya elektroniki hujinadi kwamba wanabuni bidhaa pamoja na wateja. Ukichunguza, mteja ameachiwa achague rangi ya ganda na ukubwa wa kumbukumbu. Huko ni kuagiza tu. Mtu huwa mbunifu mwenza pale anapoweza kutengeneza moduli, yaani kipande cha kuchomekwa kwenye kifaa, ambayo kiwanda hakikuiwazia, akaichomeka na ikafanya kazi. Hilo hutegemea kiungio, yaani mahali moduli inapokutana na kifaa, na ndicho viwanda vingi hukificha.

Kiungio kiamuliwe mapema, kichapishwe chote, kisha kisiguswe. Ninaposema chote, nina maana ya vipimo kwa milimita pamoja na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, mpangilio wa pini, volti, na mkondo wa umeme wa juu kabisa wa kila nafasi ya kuchomekea moduli. Chukua kifaa chenye nafasi 4 na ampia 2 kwa jumla. Usipotangaza kwamba kila nafasi ina miliampia 500 tu, mtumiaji atachomeka moduli mbili zenye mota, zitavuta mkondo mkubwa zinapoanza kuzunguka, volti zitashuka na kifaa kitajizima. Lawama zitamwangukia yeye bure. Kila nafasi iwe na fyuzi inayojirudisha yenyewe, ili hitilafu ya moduli moja isiangushe nyingine.

Vipimo ndivyo vinavyokwamisha wengi. Printa za 3D za nyumbani hukosea kwa takribani milimita 0.2. Tundu likiwa milimita 30.1 kwa moduli ya 30.0, ya kiwandani itaingia na ya mtumiaji itagoma. Panua tundu hadi 30.4, halafu shikilia moduli kwa springi au skrubu ili isicheze. Tena, moduli zisiegemeane. Sita zikibanana mfululizo, kila moja ikiwa imezidi 0.1, ukingo wa mwisho utasogea milimita 0.6 na pini hazitakutana na soketi zake. Nafasi ya kila moja ipimwe kutoka kwenye fremu.

Kwa nini kiungio kisiguswe? Bodi za Arduino, yaani bodi ndogo za kielektroniki ambazo mtu huzipanga afanyie miradi yake, zilizoanzia Italia mwaka 2005, zina pengo kati ya pini ya 7 na ya 8 lisilofuata mpangilio wa kawaida wa milimita 2.54. Lilikuwa kosa la uchoraji. Halikusahihishwa, maana watu walikwisha kutengeneza bodi zao za kupachika juu yake, na kulisahihisha kungezifanya zote zisiingie. Uamuzi ule ulikuwa wa busara kabisa: ulilinda kazi ya watumiaji. Kampuni ya Framework nayo ilipotoa kompyuta yake ya mkononi mwaka 2021, iliweka hadharani michoro ya kadi zake zinazochomekwa kwenye USB-C, na watumiaji wakabuni za kwao.

Viwanda hudai kwamba uhuru huo hauwezi kupimwa ubora. Ni kweli kwamba nafasi 4 na aina 5 za moduli huzaa mipangilio 625. Lakini hakuna haja ya kuijaribu yote. Jaribu kila moduli dhidi ya kiungio, na mpe mtumiaji kifaa kilekile cha kupimia kinachotumika kiwandani.

Kuwauliza watu wanataka nini husaidia kidogo. Wape kifaa, bisibisi moja, na pasiwepo maelekezo, kisha watazame wakikifungua na kukifunga. Andika kila wanaposita na kila waya wanaovuta kimakosa. Plagi inayoweza kuingia kinyume itaingizwa kinyume siku moja, kwa hiyo iwekewe ukingo upande mmoja.

Lipo pia suala la malipo, nalo huzungumzwa kidogo mno. LEGO Ideas, mpango wa kampuni ya vichezeo ya LEGO wa kupokea mawazo ya wateja, humpa mbunifu ambaye wazo lake limepata kura 10,000 na kupitishwa na kampuni asilimia 1 ya mauzo halisi. Kiwango kinaweza kujadiliwa, ila angalau kinajulikana. Kwingine masharti humpokonya mtumiaji haki zote mara tu anapotuma mchoro. Anayetaka ubunifu wa wateja aandike nani atamiliki mchoro, atalipwa kiasi gani, na kama dhamana ya kifaa itaendelea mtu akichomeka moduli yake mwenyewe. Maelezo hayo yakae ukurasa mmoja na vipimo vya kiungio, kabla mtu hajaanza kuchora.

Mbunifu wa bidhaa