Mtoto bado ana nafasi ya kugeuka

Mwanangu Kabula,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba nesi wa kliniki amekupima akakuta mtoto ametanguliza makalio, na kwamba yupo mama hapo kisiwani Ukara anayetaka kukukanda tumbo ili amgeuze. Naanza na hilo la kukandwa: usikubali. Mshukuru kwa heshima, mkaribishe chai, lakini tumbo lako asiliguse. Anayemsukuma mtoto bila kujua kondo la nyuma limekaa wapi anaweza kulibandua, na likibanduka kabla ya wakati mnakuwa hatarini wote wawili. Madaktari nao humgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, ila hufanya hivyo hospitalini, kuanzia wiki ya 36 au 37, baada ya kupiga picha ya tumbo, huku wakisikiliza mapigo ya moyo wake na chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Na si kila mjamzito anafaa kufanyiwa.

Sasa tulia nikueleze, maana uko wiki ya 32 na hofu imekukimbilia mapema.

Mfuko wa uzazi kabla ya mimba hauzidi ngumi yako, na uzito wake ni kama gramu 70. Mwisho wa mimba, wenyewe tu bila mtoto wala maji, unakaribia kilo moja. Wiki ya 12 unaanza kuchomoza juu ya mfupa wa kinena, wiki ya 20 umefika kwenye kitovu, na ikifika wiki ya 36 uko chini ya chembe ya moyo. Ndiyo maana siku hizi unasema ugali kidogo tu umeshashiba, na ukipanda kilima pumzi inakata. Ile tepe ya nesi hupima safari hiyo hiyo: kuanzia wiki ya 20, sentimita anazozisoma hukaribiana na idadi ya wiki zako.

Ndani ya mfuko huo mtoto alikuwa na nafasi ya kupinduka atakavyo. Wiki ya 28, kati ya watoto 100, 20 hivi au zaidi kidogo bado wametanguliza makalio, wala hakuna anayeshtuka. Wengi hugeuka wenyewe kabla ya wiki ya 36. Wanaofika mwisho wa mimba wakiwa hivyo ni watatu au wanne tu katika 100. Mtoto akikua nafasi inabana, na sehemu ya juu ya mfuko ndiyo pana, basi makalio na miguu iliyokunjwa huenea vizuri huko, kichwa kikaelekea chini kwenye nyonga. Wewe mwenyewe unaweza kuhisi: mateke yakiwa chini karibu na kibofu, na kitu kigumu cha mviringo kikikugusa chini ya mbavu, huenda bado yuko wima. Mateke yakihamia juu, kuna dalili kageuka. Hata hivyo mwenye uhakika ni mkunga kwa mikono yake, au picha.

Akishageuka, kuna hatua nyingine. Kwa mimba ya kwanza kama yako, kichwa mara nyingi hushuka kwenye nyonga wiki mbili hadi nne kabla ya uchungu. Majirani watakwambia tumbo limeshuka. Utapumua vizuri, lakini utaenda chooni kila mara na kutembea kutakuwa kwa kujivuta. Usishangae ukisikia mwanamke mwenye watoto wengi akisema lake lilishuka siku ya uchungu wenyewe. Ni kawaida kwao. Mlango wa kizazi nao, uliokuwa mgumu na mrefu miezi yote, unaanza kulainika na kufupika, ndipo wakati wa uchungu ufunguke hadi sentimita 10. Tumbo litakuwa linakaza na kuachia bila mpangilio. Uchungu wa kweli haupoi kwa kutembea, unakuja kwa kufuatana, na kila unavyorudi umezidi.

Nikwambie pia ninachokiogopa zaidi, maana sitaki kukuficha. Mtoto aliyelala kukingama tumboni hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Chupa ikipasuka akiwa hivyo, au akiwa ametanguliza miguu, kamba ya kitovu chake inaweza kutangulia kutoka na kubanwa, akakosa hewa. Hapo dakika zina thamani, na ninyi kati yenu na hospitali kubwa kuna maji. Na zile dawa za mizizi za kuongeza uchungu, mama, usiziweke mdomoni hata mkweo akikuletea kwa upendo. Mfuko ukilazimishwa kusukuma wakati mtoto hana njia, unaweza kupasuka.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Endelea na kliniki, lala kwa ubavu, usilale chali. Wiki ya 36 upimwe tena. Akiwa hajageuka, usisubiri uchungu huko: panda kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, kisha meli ya Mwanza, uje ukae kwangu Kirumba. Tutakwenda hospitali ya Sekou Toure, na wakiona inafaa watatuandikia hospitali ya Bugando. Wakisema upasuaji, tutaupokea. Akiwa amegeuka, amueni na nesi kama utajifungulia huko au utakuja.

Lakini ukiona damu, maji yakitoka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakipata ukungu, hakuna cha kungoja wiki ya 36. Ondoka siku hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Mwambie mwenzio aanze kuweka nauli kando sasa, pamoja na ya dharura. Kadi ya kliniki isiachwe nyumbani. Chumba chako nimekisafisha, na mdogo wako amekubali kuhamia sebuleni.

Mama yako