Shoga, kuhusu ile laki tano

Shoga yangu, salamu nyingi toka huku Mbagala, watoto wazima na mama anakuulizia kila siku unakuja lini.

Meseji yako ya kutaka kutuma laki tano ya pedi za mabinti nimeiona, nikamuonyesha na mweka hazina, akafurahi mpaka basi. Asante sana. Ila kabla hujatuma ngoja nikwambie tunavyofanya sa hivi, maana we umehamia Dodoma kikoba chetu cha kuweka na kukopa bado kinahangaika na misiba tu.

Si unaukumbuka mfuko wa jamii, ile buku tunayotupia kwenye bakuli kila wiki kabla ya kununua hisa? Ilikuwa ya kuuguliwa na kufiwa basi. Sasa kuna siku tumekaa tunahesabu hela, saa nne asubuhi, siku ya shule, binti wa mwenzetu yupo la sita akaja kumuomba mama ake ufunguo wa nyumbani, sweta kajifunga kiunoni na joto lote lile. Hatukumuuliza, tulishajua. Mama ake akainama anahesabu upya zilezile elfu tatu. Shoga iliniuma, na sisi si tulikuwa hivohivo, vipande vya kanga chakavu na kung'ang'ania dawati la nyuma mpaka wote watoke.

Siku ileile tukakubaliana nusu ya bakuli iwe ya mabinti. Kuna waliosema tusubiri serikali, nikawaambia kodi ya pedi si ilitolewa 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa vile bei dukani haikushuka? Na ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri wanayotengewa wanawake ni mkopo, unazungusha biashara unarudisha, sasa pedi itarudisha nini. Hii ni hela ya kutoa tu na lazima itoke kwetu wenyewe.

Fundi wa hapahapa mtaani anatushonea pedi za kufua, kila binti anapata nne na kindoo chenye mfuniko. Shida ilikuwa kuanika, wanaficha uvunguni zinabaki mbichi zinanuka, mpaka mama mmoja akafunga kamba uani kwake penye jua akawaambia njooni muanike hapa, hakuna wa kuwacheka. Yule mama Mungu ambariki. Kilichobaki choo cha shule, mlango hauna komeo, Jumatatu tunaenda kwa mwalimu mkuu tukiwa na seremala kabisa.

Sasa shoga, laki tano ikija kwa mpigo tutagawa siku moja, baada ya miezi kadhaa kuna mwingine kavunja ungo na bakuli halina kitu. Naomba utupie kidogokidogo kama sisi, hata elfu ishirini kwa mwezi, sanduku ni lilelile la kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Kitabu chako cha hisa ninacho mimi kabatini, jina lako hatujalifuta.

Nijibu kabla ya Alhamisi, ndo siku ya kikao.

Wako wa siku zote.