Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wa heshima Daktari, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo. Daktari, karibu Baringo.

Mwaka huu tumefuatilia dawa moja, miltefosini. Chanzo ni mwenzetu wa kidato cha pili aliyerudi shuleni akikalia upande mmoja wa dawati. Alikuwa ametoka kutibiwa kalaazar, ugonjwa wa vimelea unaoleta homa ndefu na kuvimbisha wengu: sindano mbili kila siku kwa siku 17. Alizihesabu zote 34. Akichunga mbuzi, jioni hupenda kupumzika juu ya kichuguu, na kumbe ndani ya vichuguu ndimo usubi anayeeneza ugonjwa huu hujificha mchana.

Miltefosini haikutengenezewa mchunga mbuzi. Wajerumani waliitengeneza kwa ajili ya kutibu saratani. Ilipakwa kwenye saratani ya matiti iliyotokeza ngozini, lakini ya kumeza iliwatapisha mno wagonjwa wa saratani. Watafiti wa vimelea wakaijaribu kwenye maabara, wakakuta inaua vimelea vya kalaazar, kwani huvuruga mafuta yanayojenga utando wa seli. India iliiidhinisha mwaka 2002, ikawa dawa ya kwanza ya kumeza kwa kalaazar. Baadaye utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia uliiunganisha na paromomisini, dawa ya sindano: siku 14, sindano moja tu kwa siku. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walipona. Mwenzetu aliandika ubaoni 34 toa 14, akaitazama ile 20 kwa muda, akarudi kuketi polepole.

Tulikutana pia na eflonithini. Nayo ilianzia kwenye saratani, ikawaamsha wagonjwa wa malale waliokuwa wamezimia, hata ikaitwa dawa ya ufufuo. Miaka ya 1990 ikaacha kutengenezwa kwa kuwa haikuwa na faida. Mwaka 2000 ikarudi, safari hii kama krimu ya kupunguza ndevu za wanawake! Ilibidi wapiganiwe wagonjwa ndipo mwaka 2001 wakapata tena dawa yao. Wasichana wa klabu bado wana hasira.

Daktari, maombi yetu ni matatu. Zahanati yetu ipate kipimo cha haraka cha kalaazar, maana homa ndefu na wengu kuvimba hutibiwa kama malaria kwanza. Akina mama waelezwe mapema kwamba miltefosini hudhuru mimba. Na klabu ipate hadubini. Tuliyo nayo kioo chake kimepasuka.

Ahsante.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Sayansi.