Barua ya wazi kwa mkaguzi wa migodi: rudi mvua ikinyesha, ndipo uachilie dhamana

Mheshimiwa Mkaguzi,

Salaam. Barua zangu za Kiingereza unazo ofisini, na hata moja haijajibiwa. Hii naiandika kwa Kiswahili, hadharani, kwa sababu wasemaji wa Kiswahili tumekuwa wengi Kentucky, Louisville na Lexington hasa, na wengi hawajui kuwa sheria inampa mwenye ardhi nafasi ya kukupinga unapotaka kuachilia dhamana, yaani fedha ambazo kampuni ya mgodi iliweka kuhakikisha ardhi inarekebishwa baada ya kuchimbwa. Waisome na ndugu zangu wa Mbinga, Tanzania, kwani makaa ya mawe ya Ngaka kule nayo yanachimbwa, na ipo siku mashimo yale yatahitaji kufukiwa.

Wiki iliyopita ulikuja kukagua ardhi yetu. Nasema yetu, maana marehemu baba mkwe aliikodisha kwa kampuni, hakuiuza. Sheria ya shirikisho ya uchimbaji wa makaa ya mawe, ile aliyoisaini Rais Jimmy Carter tarehe 3 Agosti 1977, pamoja na kanuni zake, inataka mwenye ardhi apewe taarifa ya ukaguzi na aruhusiwe kushiriki. Taarifa yangu niliikuta kwenye sanduku la barua baada ya gari lako kuondoka. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala. Mbwa alipobweka nilidhani ni wawindaji. Ungebisha hodi tu, Mheshimiwa. Ningevaa buti tukaenda wote.

Ningekupeleka kule chini. Juu kunapendeza, sikatai: mteremko umesawazishwa, nyasi zimeshika, hata kulungu wanalisha. Taabu iko mwishoni mwa kifusi, pale walipolijaza bonde kwa mawe yaliyokuwa juu ya makaa. Mvua kubwa ikipita, panatoka maji ya rangi ya chungwa. Yanaacha utando kwenye mawe, kisha yanashuka hadi kijito kinachopita karibu na kisima chetu. Wewe ulikuja Oktoba, na Oktoba huku ni kiangazi kitupu. Uliona mawe yenye kutu, ukaandika kuwa hakuna maji yanayotoka. Siku ile ilikuwa kweli. Lakini sheria haikuulizi habari za siku ile peke yake. Inakutaka upime kama maji ya juu na ya chini ya ardhi yanachafuka, kama yanaweza kuendelea kuchafuka baadaye, na kuzuia uchafu huo kutagharimu kiasi gani. Kwenye nakala ya ripoti niliyopewa, hayo mawili ya mwisho sikuyaona.

Chanzo ninakisia, lakini sikisii hewani. Mawe yale yana pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji huzaa tindikali, na chuma ndiyo inayoyapa maji rangi. Hili halihitaji mimi kulifundisha katika ofisi yako. Ninachoamini ni kwamba mawe ya aina hiyo yalitupwa chini kabisa, palipokuwa na chemchemi, badala ya kutengwa mbali na maji. Mzee mmoja aliyeendesha buldoza pale ameniambia hivyohivyo. Kama tumekosea, pimeni mtuonyeshe. Msinijibu kwa picha za nyasi.

Wakati wa awamu ya kwanza ya kuachilia dhamana, kilima kiliposawazishwa na mifereji kukamilika, sheria iliruhusu kuachiliwa hadi asilimia 60 ya dhamana, nasi tulilalamika. Afisa wenu aliketi jikoni kwangu, akanywa chai yangu, akasema tusiwe na wasiwasi, fedha nyingine bado mnazishikilia. Awamu ya pili, mimea iliposhika, tuliambiwa maneno hayohayo. Sasa miaka 5 inayotakiwa kwenye maeneo ya mvua kama huku imetimia, nanyi mnataka kuachilia salio lote. Ni fedha zipi tena mtatuambia mnazishikilia? Kampuni za makaa za milima hii zimefilisika nyingi. Hii nayo ikifunga ofisi, maji yale nitampelekea nani?

Mwanangu mdogo hajawahi kunywa maji ya nyumbani kwake. Tunanunua ya chupa, wiki baada ya wiki, kwa mshahara wa zamu zile za usiku. Sare zangu nyeupe nazifulia kwa jirani, maana zikifuliwa nyumbani zinageuka njano. Watu wananiambia tuhame. Mume wangu hahami. Babu na bibi yake wamezikwa juu ya kilima hichohicho, upande ambao haukuchimbwa, na mimi siwezi kumwambia awaache.

Pingamizi la maandishi nimeliwasilisha na nimeomba tusikilizwe, yote mawili kabla siku 30 tangu tangazo la mwisho la gazetini kuhusu dhamana hazijaisha. Hayo yatakwenda kwa utaratibu wake. Kwako wewe mwenyewe nina ombi moja. Rudi mvua ikinyesha, au siku inayofuata. Beba chupa za sampuli. Anzia chini, si juu. Usisaini kabla ya hapo. Tafadhali, Mheshimiwa, usisaini kabla ya hapo.

Namba yangu iko kwenye jalada. Piga saa yoyote, hata kama nimetoka zamu.

Wako,
Mwenye ardhi, mashariki mwa Kentucky