Sefti yako inashika nini?

Kwako swahiba,

Barua yako imenikuta Singida, napukuchua alizeti. Sisi wazima. Hongera kwa kupata kazi kwenye kambi ya uwindaji Rungwa, na Julai, msimu ukianza, si mbali. Umeuliza kwa nini nilikuwa nasumbuka na sefti, yaani kile kifungio cha kuzuia bunduki isipige, za bunduki za wageni wawindaji kuliko hata risasi zao.

Ndani ya bolti, kile chuma unachovuta na kusukuma kupakia risasi, kuna pini na springi ngumu. Ukikoki, springi inabanwa, na kijino kidogo cha chuma kinaizuia pini isiruke. Ukivuta triga kijino kinashuka, pini inachomoka na kugonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi, nayo inalipuka. Basi. Sasa muulize mwenye bunduki: sefti yako inashika nini?

Nyingi zinashika triga tu, au kile kijino. Pini imebaki na hasira zake zote. Vumbi, mbegu za nyasi, mafuta yaliyoganda, vyote vinaweza kuharibu kazi ya kijino.

Bunduki ya Mauser ya 1898 ni habari nyingine. Kile kibawa cha nyuma ya bolti kinaishika pini yenyewe, tena kinairudisha nyuma kidogo isikiegemee kijino. Kikilala kushoto, inapiga. Kikilala kulia, haipigi na bolti haifunguki. Kikisimama wima, haipigi lakini bolti inafunguka, na hapo ndipo ninapoipendea: unatoa risasi chemba, pale inapokaa tayari kupigwa, huku sefti ingali imeshika. Ubaya wake, kikisimama kinagonga darubini. Ndiyo maana utakuta nyingi zimebadilishwa, kibawa kinacheza kwa ubavu, kama kwenye Winchester Model 70 iliyotoka 1936.

Sasa ile siku unayopenda kunicheka. Tumerudi kambini magharibi, mgeni akanikabidhi bunduki niitoe risasi. Sefti yake ilikuwa ya nafasi mbili tu, kufunga na kufungua, ya mtindo wa zamani: sefti ikifungwa, bolti nayo inajifunga. Kwa hiyo ili uitoe risasi, lazima kwanza uiweke tayari kupiga! Nikaisukuma sefti kwa dole gumba. Kidole kingine hakikuwa karibu na triga, wallahi. Ikalia. Baadaye mgeni akakiri kwamba triga aliilegeza ili iwe laini. Mdomo ulikuwa umeelekea chini kwa mazoea tu. Udongo ukaruka hadi kwenye sufuria ya wali. Mpishi hakunisemesha siku mbili.

Kwa hiyo mtu akikwambia "imefungwa", itikia tu, halafu elekeza mdomo chini, mahali pasipo na mtu wala gari. Ondoa risasi zote, chungulia chemba, kisha ingiza ncha ya kidole. Giza la magharibi linadanganya macho. Na bunduki ya sefti ya nafasi mbili usiipakie chemba mkiwa ndani ya gari, hata bosi akinuna.

Mama anakusalimia. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie asali ya huko, kidumu kimoja kinatosha.

Wako,
Yule wa sufuria