Kwa wanangu mnaoandika tasnifu vyuoni Dodoma

Wanangu, mbukwenyi.

Nimestaafu ualimu, lakini kila msimu wa tasnifu vijana wa mtaani huniletea kazi zao niwasomee. Majuzi nimeletewa moja juu ya wakulima wa zabibu wa Hombolo. Kiswahili safi, majedwali yamekaa vizuri. Kufika sura ya pili, nakuta wakulima hao wanasubiri mvua za vuli, kisha masika. Hombolo ipi hiyo? Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja: Desemba ukiwahi, Aprili umekwisha. Kijana alidesa kazi ya mtu wa Kilimanjaro, akafuta kahawa akaweka zabibu, mvua akaisahau.

Sisemi msiazime. Hata Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hailindi wazo tupu. Inalinda namna lilivyoandikwa. Mtu akipima faida ya ushirika Moshi, nawe ukitaka kupima vivyo hivyo Hombolo, pima. Mtaje, basi. Shakespeare kisa cha tamthilia yake ya Julius Caesar alikitoa kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki. Mwalimu Nyerere naye akaitafsiri tamthilia hiyo, ikatoka mwaka 1963, na jina la Shakespeare halikufichwa. Nani aliwahi kumwita mdesaji?

Yanayojulikana na wote, kama uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, hayahitaji kutafutiwa mwenyewe. Takwimu je? Hiyo ina mwenyewe, mtafute.

Wengi mnanaswa hapa: unafuta "wakulima" unaandika "wazalishaji", unapindua sentensi, unaona imekuwa yako. Haijawa. Mpangilio wa hoja ni uleule, mifano ileile, na vyanzo unavyovitaja alivisoma yeye, wewe hata jalada hujaliona. Funga kitabu, mweleze mwenzako kwa mdomo ulichoelewa. Kitakachotoka ndicho uandike, halafu umtaje uliyemsoma. Ukitaka maneno yake kama yalivyo, weka alama za kunukuu na namba ya ukurasa. Usipoyatia alama, hata ukimtaja, bado umeyafanya yako.

Za kununua risachi nzima kwenye flashi sitazungumzia. Aliyenunua anajua alichofanya.

Mnaniambia msimamizi hasomi. Pengine. Lakini mama aliyesimama nawe juani shambani akikujibu dodoso, majibu yake umeyaweka wapi kama sura yote ni ya Kilimanjaro?

Mkikwama kwenye kutaja vyanzo, nendeni kwa mkutubi. Ndiyo kazi yake, na mara nyingi namkuta amekaa peke yake.

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma